Riwaya zenye wahusika mashoga na wasagaji: utazitafuta wapi, na utampa nani?

Swali la msomaji, Arua, Uganda: "Tuko sita, sote watu wazima, tunasoma kitabu kimoja kila mwezi na mimi ndiye mchaguzi. Mwenzetu mmoja aliniita pembeni akaniomba nimtafutie riwaya mpya yenye wahusika mashoga au wasagaji, ila akasisitiza isiwe ile ambayo lazima mtu afe mwishoni. Nikitafuta kwenye simu naletewa za Marekani tu, zote zimesifiwa kwa maneno yaleyale. Nianzie wapi? Na nikiipeleka kwa kikundi kizima, sheria haitanikamata?"

Ndugu msomaji, anza na aliyekuomba. Simu iweke kando kwanza. Mapendekezo mengi huharibikia hapa: mtu anasikia "LGBT", yaani wasagaji, mashoga, wanaopenda jinsia zote mbili na waliobadili jinsia, anadhani ameambiwa aina ya kitabu, kumbe ameambiwa jambo moja tu kuhusu mhusika. Ni sawa na kuombwa riwaya yenye mhusika fundi cherehani. Bado hujui kama mwombaji anataka kisa cha upelelezi, cha vita, cha shule ya bweni au cha mapenzi. Ukimpa mpenzi wa upelelezi riwaya ya mahaba kwa sababu tu wapenzi ni wanaume wawili, atakurudishia baada ya kurasa 30, nawe utadhani hakuwa makini alipoomba.

Mrudie umuulize mambo manne. Je, mhusika huyo awe ndiye mkuu, au inatosha awepo pembeni akiishi maisha yake? Mapenzi yawe ndiyo kisa chenyewe, au kisa kiwe kingine? Kuna jambo gani hawezi kulisoma: ubakaji, kipigo, mahubiri ya kulaani, mtoto kufukuzwa nyumbani? Na mwisho, anasoma Kiingereza cha namna gani, na ana subira ya kurasa ngapi? Swali la tatu ndilo lenye uzito. Amekudokezea tayari aliposema asife mtu, lakini wapo wasiojali kifo wakashindwa na ukurasa mmoja tu wa mama kumkana mwanawe.

Malalamiko yake kuhusu vifo yana msingi, tena yana historia. Kwa miongo mingi wachapishaji wa Marekani na Uingereza walizivumilia hadithi hizi kwa sharti kwamba wapenzi waadhibiwe: mmoja afe, au apate wazimu, au atubu na kuolewa. Marijane Meaker, aliyeandika Spring Fire mwaka 1952 kwa jina la Vin Packer, alieleza baadaye kwamba mhariri wake alimwambia wazi kuwa mwisho wa furaha hauwezekani, kwa kuwa posta ingevizuia vitabu. E. M. Forster aliandika Maurice mnamo 1913 na 1914, akaipa mwisho mwema makusudi, kisha akaifungia. Ilitoka mwaka 1971, yeye akiwa amekwisha kufariki. Mazoea hayo yalibaki hata sharti lilipoondoka. Kwa waandishi wa Afrika sababu mara nyingi ni nyingine: wanaandika juu ya ukatili wanaouona, na kitabu kinaishia pale ulipoishia ukatili wenyewe. Vyovyote iwavyo, ukichota bila kuangalia utamletea mwenzako maiti.

Sasa tuje kwenye kutafuta. Unaletewa za Marekani kwa sababu maneno unayoyaandika ndiyo maneno ya wauzaji wa huko. Wao ndio waliobandika lebo, na wasomaji wao ndio walioandika maoni mengi zaidi. Kuongeza neno "African" kunasaidia kidogo tu, maana utapata orodha ileile ya vitabu kumi iliyonakiliwa kutoka tovuti moja hadi nyingine. Acha lebo, fuata tuzo, mikusanyiko na wachapishaji.

Njia ninayoipendekeza kwanza ni hadithi fupi. Tuzo ya Caine, inayotolewa kwa hadithi fupi za waandishi wa Afrika, imekuwa ikiweka hadithi zilizofika orodha fupi kwenye intaneti bure. Mwaka 2007 ilichukuliwa na Monica Arac de Nyeko, Mganda wa kwanza kuishinda, kwa hadithi yake Jambula Tree: barua ya Anyango kwa Sanyu, wasichana waliokulia kwenye nyumba za Nakawa, Kampala, pamoja na jirani asiyelala kwa kuchunguza ya wengine. Filamu ya Kenya Rafiki ya mwaka 2018 imetokana na hadithi hiyo. Mwaka 2013 hadithi iitwayo America, ya Chinelo Okparanta, ilifika orodha fupi. 2017 akafika Arinze Ifeakandu. Waandishi hawa wawili waliendelea kutoa vitabu kamili, na hapo ndipo faida ya njia hii ilipo. Unasoma kurasa 15 bila gharama, unaujua mkono wa mwandishi, ndipo unaamua kama kitabu chake kinafaa kununuliwa.

Mikusanyiko inafanya kazi hiyohiyo kwa upana zaidi. Queer Africa, iliyohaririwa na Karen Martin na Makhosazana Xaba na kuchapishwa Afrika Kusini mwaka 2013, imewaweka pamoja waandishi wa nchi mbalimbali za bara hili. Waganda wawili wamo: Arac de Nyeko mwenyewe, na Beatrice Lamwaka kwa hadithi yake Chief of the Home, inayotupeleka Acholi, kaskazini mwa Uganda, kwa mwanamume anayefanya kazi za nyumbani ambazo kijiji kinazihesabu kuwa za wanawake. Mwaka 2014 mkusanyiko huo ulipata tuzo ya Lambda, ya vitabu vya LGBT, na wa pili ulifuata mwaka 2017. Kutoka Nigeria kuna juzuu mbili zilizotolewa na kundi linalojiita 14, mwaka 2017 na 2018, na ziliwekwa bure kwenye tovuti ya fasihi ya Brittle Paper. Ukimaliza mkusanyiko usiufunge hivihivi. Kurasa za mwisho zina maelezo mafupi ya kila mwandishi na alichoandika kingine, na hiyo ndiyo orodha yako ya miezi sita ijayo.

Tuzo nyingine zina matumizi yake. Lambda, inayotolewa Marekani tangu 1989, ina vipengele vingi mno. Wewe soma majina ya waliofika fainali, usiishie kwa mshindi, kisha chuja kwa nchi ya mwandishi. Ukifanya hivyo utakuta kwamba Okparanta ameishinda mara mbili, 2014 na 2016. Polari ya Uingereza ni ndogo kuliko Lambda na ina upana wa aina yake: mwaka 2014 tuzo yake ya kitabu cha kwanza ilikwenda kwa Diriye Osman, mzaliwa wa Somalia, kwa mkusanyiko ambao sehemu yake iko Nairobi. Tuzo ya Gerald Kraak ya Afrika Kusini imekuwa ikichanganya hadithi, mashairi, makala na picha, kwa hiyo usiagize kitabu chake ukitarajia riwaya. Kwa vilivyo vipya kabisa soma majarida ya intaneti kama Lolwe, lililoanzishwa na Mkenya Troy Onyango mwaka 2020. Mara nyingi jina hutokea kwenye jarida kabla halijatokea kwenye kava.

Wauza vitabu wana njia yao ambayo wasomaji wachache wanaijua. Fungua ukurasa ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, ule wenye maandishi madogo ya haki za mwandishi. Kwenye vitabu vingi vilivyochapwa Marekani utakuta hapo mistari ya mada ya maktaba, na pengine mmoja umeandikwa "Lesbians — Fiction" au "Gay men — Fiction". Mistari hiyo imewekwa na wakutubi na haina haja ya kukuuzia kitu, hivyo iamini kuliko sifa za nyuma ya kava. Wasambazaji nao hutumia alama za kupangia vitabu kwa mada: FIC011000 ni riwaya za mashoga, FIC018000 za wasagaji, FIC068000 za LGBT kwa ujumla. Andika alama hiyo pamoja na jina la nchi kwenye kisanduku cha kutafutia, na utapata katalogi za wachapishaji badala ya matangazo. Ila njia hii ina tundu kubwa: vitabu vingi vinavyochapwa Kampala, Nairobi au Harare havina alama hizo kabisa, na vingine mchapishaji huziacha makusudi. Kwa hivyo inakufaa kwa vitabu vya ng'ambo. Kwa vya kwetu rudi kwenye mikusanyiko.

Ukishapata majina matano au sita, yahakiki kabla ya kumtajia mtu. Kwanza mwaka. Neno "mpya" linadanganya, kwa sababu duka huonyesha mwaka wa toleo. The Hairdresser of Harare ya Tendai Huchu ilitoka Zimbabwe mwaka 2010, lakini toleo la Marekani ni la 2015, na anayeliona hilo tu atadhani ni kitabu kipya. Mstari wa haki za mwandishi ndio unaokuambia mwaka wa kwanza. Pili, hakikisha kitabu kipo. Siku hizi orodha nyingi zimetungwa na programu za akili bandia, nazo hubuni jina la riwaya, zikalitia kwa mwandishi wa kweli, na muhtasari mtamu juu yake. Tafuta ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu: tarakimu 13, mara nyingi zikianza na 978, na kinachofuata hukudokeza ilikotolewa, 9970 ni Uganda, 9966 ni Kenya, 9976 na 9987 ni Tanzania. Jina lisilo na ISBN, halipo kwa mchapishaji, wala halina maoni ya msomaji hata mmoja mwenye jina, liache.

Tatu ni kujua kilichomo. Muhtasari wa nyuma ya kava hukosea kwa pande zote mbili. Mara huficha, ukisema "urafiki wa ndani" au "siri itakayoitikisa familia", na wewe unapita bila kujua. Mara hutia chumvi, na yule shoga uliyeahidiwa ni kaka wa mhusika mkuu anayepiga simu mara mbili kutoka Toronto. Pakua sampuli ya bure ya kitabu cha kielektroniki, kwa kawaida kama asilimia 10 ya mwanzo, uone sauti ya mwandishi. Kisha soma maoni ya nyota tatu. Wa nyota tano wamependa, wa nyota moja wamekasirika, ila wa nyota tatu ndio wanaosema kwamba sura za katikati zinachosha, kwamba kuna ubakaji usiotajwa kwenye kava, kwamba mwisho umekatwa ghafla. Mtandao wa StoryGraph unaruhusu wasomaji kuorodhesha maonyo ya yaliyomo, na kwa ombi lako la "asife mtu" huko ndiko pa kwenda moja kwa moja. Lakini maonyo hayo huandikwa na yeyote. Onyo lililowekwa na mtu mmoja usilichukue kama ushahidi.

Baada ya hapo kisome mwenyewe chote. Wachaguzi wengi hawafanyi hivyo na huonekana.

Kwa mwenzako ningeanza na Under the Udala Trees ya Okparanta, ya mwaka 2015. Si kipya kwa kalenda, ila kwa aliyeomba mara ya kwanza kitabu cha miaka kumi kilichokomaa ni afadhali kuliko cha mwaka huu ambacho hakuna aliyekipima. Kama anakitaka kipya kweli, God's Children Are Little Broken Things ya Ifeakandu, 2022, ina hadithi tisa za wanaume wa Nigeria na ilipata tuzo ya Dylan Thomas mwaka 2023. Hadithi zake zina huzuni nyingi, lakini mara nyingi ni huzuni ya watu kuachana na kukosana, ya maisha ya kawaida, na uandishi wake kwa maoni yangu ndio bora kuliko wote niliowataja hapa. Blessings ya Chukwuebuka Ibeh, 2024, ni ya kijana anayepelekwa shule ya bweni na baba yake baada ya kuonwa akiwa karibu mno na mvulana mwingine. Sura zinapokezana kati yake na mama yake, na za mama ndizo zilizonasa zaidi. Kuna ukatili wa bweni ambao aliyesoma bweni Uganda ataufahamu bila kuelezwa, na huenda asitake kuukumbushwa.

Anayetaka kifupi apewe La Bastarda ya Trifonia Melibea Obono wa Guinea ya Ikweta, iliyotoka kwa Kihispania mwaka 2016 na kwa Kiingereza 2018. Ni ya Okomo, msichana yatima wa Kifang anayemtafuta baba yake. Unaimaliza kwa siku moja, na mwisho wake si wa kilio. Mwambie mapema kwamba mhusika ni msichana wa umri wa shule.

Vitabu viwili vinahitaji uangalifu. The Death of Vivek Oji ya Akwaeke Emezi, 2020, ni maarufu sana na itajitokeza kila utakapotafuta. Jina lake linakuambia kila kitu kuhusu sharti la mwenzako, na zaidi ya kifo kuna mapenzi kati ya mabinamu, jambo ambalo hapa kwetu litazua mjadala mkali kuliko hilo la jinsia. Ni kitabu kizuri, ila kwake si cha kwanza. Cha pili ni hicho cha Huchu. Kinasimuliwa na Vimbai, msusi hodari wa saluni ya Harare, ambaye anapata mshindani mwanamume, Dumisani, na polepole anampenda. Siri ya Dumisani ndiyo moyo wa riwaya, na ukimpa mtu kwa kusema "hii ina shoga" umeshaiua katikati. Halafu unamwona Dumisani kwa macho ya mwanamke tu, kutoka nje. Hafi, lakini anapigwa vibaya na kuikimbia nchi. Mimi ningempa kitabu hiki yule mwanakikundi ambaye hajaomba chochote. Kinachekesha, kinasomeka upesi, na saluni yake ungedhani iko Arua Park, Kampala.

Kwa Kiswahili, sitakupamba: akiba ni ndogo mno. Ukisikia mtu akitaja Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, jua kwamba ni kitabu kikubwa na tafsiri nzuri, ila mambo ya wanaume kwa wanaume yamo humo kama tishio na kashfa za msafara. Mapenzi anayoyatafuta mwenzako hayamo. Kwa kikundi kinachozungumza Kiswahili na kusoma Kiingereza, hadithi fupi ndiyo njia rahisi. Mmoja huisoma mapema na kuwasimulia wenzake kwa Kiswahili kwa dakika 10, kisha mnasoma kwa sauti kurasa mbili zilizochaguliwa. Jambula Tree inafaa kwa hili kwa sababu ni barua, na barua husomeka kwa sauti bila kuchosha.

Pendekezo lenyewe liwe kikaratasi cha mistari michache, au maneno ya mdomo yenye mpangilio huohuo: jina, mwandishi na mwaka, lugha na ugumu wake, kisa kwa sentensi mbili, nafasi ya mhusika unayemwulizia, yaliyo mazito, mwisho, ikiwa ameuomba. Cha Okparanta kingekuwa hivi:

"Under the Udala Trees, Chinelo Okparanta, 2015. Kiingereza chepesi chenye methali za Kiigbo. Msichana wa Kiigbo anampenda msichana wa Kihausa wakati wa vita vya Biafra, Nigeria. Tunamfuata hadi utu uzima. Mapenzi yao ndiyo kisa chenyewe. Kuna mabomu, kifo cha mzazi, mauaji ya chuki, ndoa ya kushinikizwa, na masomo marefu ya Biblia ambayo mama anayatumia kumrekebisha binti. Mhusika mkuu hafi. Mwisho una nafuu."

Angalia kwamba mauaji yametajwa ingawa mhusika mkuu anapona. Ungeyaacha, mwenzako angekuta maiti katikati ya kitabu ulichomwambia hakina, na asingekuamini tena. Angalia pia kwamba hakuna sifa: hakuna "utalia" wala "lazima usome". Sifa zinamwambia msomaji hali yako wewe, naye ametaka kujua kitabu.

Nimeacha sheria mwisho, lakini ndiyo itakayoamua namna ya kulifanya yote haya. Sheria ya Uganda ya mwaka 2023 dhidi ya ushoga, iliyotiwa saini tarehe 26 Mei mwaka huo, ina kifungu cha 11 kinachokataza kuhamasisha ushoga. Kati ya yaliyotajwa humo ni kutangaza, kuchapisha, kuchapa, kurusha hewani na kusambaza kwa njia yoyote, pamoja na intaneti, kitu kinachohamasisha au kutia moyo. Adhabu ni kifungo hadi miaka 20, na shirika linaweza kutozwa faini hadi shilingi bilioni 1. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta sehemu chache, ikiwemo ile iliyomlazimisha mtu kuripoti wengine. Kifungu cha kuhamasisha kilibaki karibu chote. Kusoma riwaya au kuwa nayo nyumbani hakukutajwa kuwa kosa. Lakini mpaka kati ya kumpa rafiki riwaya na "kusambaza" haukuchorwa, na mtu haumizwi na hukumu peke yake: usiku mmoja kituoni, simu kuchukuliwa, mwenye nyumba kukuambia uhame, yote hayo hutokea kabla hakimu hajafungua faili. Ukitaka jibu la kisheria kwa hali yako hasa, mwone wakili. Mimi nazungumzia vitabu.

Kumbuka pia kwamba matatizo yanaweza kupita mlango wa pembeni. Mwaka 2012 tamthilia The River and the Mountain, yenye mhusika shoga, ilipoigizwa Kampala, mtayarishaji wake alishtakiwa kwa kuionyesha bila kibali cha Baraza la Vyombo vya Habari. Kesi ilifutwa Januari 2013, naye akafukuzwa nchini mwezi uliofuata. Shtaka halikutaja ushoga, lilihusu karatasi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa swali lako la mwisho: kwa kikundi kizima, usifanye mwezi wa vitabu vya LGBT, usitoe bango, usiandike orodha na kuituma WhatsApp. Huko orodha ikishatoka kwako haina mwenyewe, itasafiri na jina lako juu yake hadi kwa mtu usiyemjua. Mpe aliyeomba, mkononi, kitabu kimoja. Kama kikundi kitasoma Huchu au mkusanyiko wa hadithi, kisomeni kama riwaya ya Harare au hadithi zilizoshinda tuzo, kwa sababu ndivyo vilivyo, na kila mmoja awe amejua kilichomo kabla ya kukubali. Mtu anayeshtukizwa kitabu ndiye anayekwenda kulalamika kwa mchungaji au kwa mwenyekiti wa mtaa (LC1), na mara nyingi hana ubaya, amekasirika tu kwamba hakuulizwa. Asiyetimiza miaka 18 asiwepo wala asipewe, hata akiwa mdogo wako; sheria hiyo ina kifungu chake juu ya watoto, na hapo hakuna mjadala wa fasihi utakaokuokoa.

Kwenye simu kagua mambo madogo ambayo husahaulika. Akaunti ya Goodreads, mtandao wa wasomaji wa vitabu, huonekana na watu wote hadi ubadilishe mwenyewe, pamoja na rafu ya vitabu unavyotaka kusoma. Kindle, kifaa cha kusomea vitabu vya kielektroniki, huweza kuonyesha kava la kitabu kwenye skrini iliyofungwa. Izime sehemu hiyo kwenye mipangilio. Akaunti ya Amazon mnayotumia wawili huonyesha manunuzi kwa wote wawili. Usitafute majina haya kwa Wi-Fi ya ofisi. Na faili la PDF ulilotumiwa na mtu usilipeleke mbele: zaidi ya kumwibia mwandishi, jina la aliyelitengeneza huweza kuwa limebaki ndani yake.

Nakala za karatasi agiza kwa jina la kitabu na ISBN, bila kueleza mada. Muuza vitabu wa Kampala anahitaji namba, hahitaji sababu. Uliza kwanza kama toleo la Afrika lipo, maana mara nyingi ni nafuu kuliko la London. Mwenzako akikirudisha bila kukimaliza, usimuulize kama amekipenda. Muulize ameishia ukurasa wa ngapi, kisha ukausome ukurasa huo tena kabla ya kumtafutia kingine.